Anza na vinyweleo vya jani, ua liache mwisho

Karibu kila mgeni anayepanda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kutafuta ua la Usambara (African violet kwa Kiingereza) huwa amekwisha kuliona mahali pengine: dukani, dirishani kwa rafiki, kwenye kadi ya pongezi. Kwa hiyo hutafuta rangi. Macho yake hukimbilia urujuani, na pasipo na urujuani hapatazami. Nimeona watu wenye elimu kubwa ya mimea wakipita kando ya jabali lililofunikwa na mmea huo kuanzia usawa wa magoti hadi juu ya kichwa, wakaendelea na njia yao, kwa sababu siku ile hakuna mche uliokuwa umechanua.

Mimi nimejifunza kuutambua mmea huu katika milima ya Usambara Mashariki, kisha nikawafuata ndugu zake Shume (Usambara Magharibi), Uluguru na Taita. Kama kuna jambo moja ningependa kila mpenzi wa mimea alishike, ni mpangilio wa kutazama. Jabali kwanza, jani la pili, tunda la tatu. Ua likiwepo, lije kuthibitisha jibu ambalo tayari unalo.

Aliyenipa mpangilio huo ni mzee mmoja wa Kisambaa aliyekuwa akiongoza wageni msituni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza nilipoinama kwa furaha mbele ya ua lililofunguka vizuri, alinigusa bega. "Mwanangu, ua ni mgeni. Jani ndiye mwenyeji. Msalimie mwenyeji kwanza." Akalinyanyua jani moja kwa ncha ya kidole, taratibu, bila kulivunja, akanionyesha vinyweleo vyake vikiwa vimesimama dhidi ya mwanga. Nimesoma mengi tangu siku hiyo, lakini sijapata mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Kabla ya jani, tazama linapoota. Mmea huu huchagua sana. Hupenda mwamba wenye unyevu chini ya kivuli cha miti mirefu, mara nyingi karibu na kijito au maporomoko ya maji, upande ambao jua la moja kwa moja halifiki. Mizizi yake ni myembamba na hujishikiza kwenye nyufa zenye udongo kidogo sana, pamoja na kangaga na vile vimea vidogo vya kijani vinavyotandaza mawe yaliyoloa. Mahali kama hapo magugu yenye nguvu hayawezi kusimama, na hiyo ndiyo salama yake: haushindani na mtu. Ukiuhamishia juani, majani hupauka na kuungua. Kwa hiyo nikifika kwenye jabali jipya huwa nainua kichwa kwanza. Nataka kujua ni miti gani inayofunika, na kama pana tundu jipya angani.

Tundu hilo lina maana hata katika utambuzi. Mche uleule ukiwa kwenye kivuli kizito hutoa vikonyo virefu na majani mapana yaliyolala; ukipata mwanga zaidi, vikonyo hufupika na majani huwa madogo, rangi yake ikielekea manjano. Mtu anayepima majani kwa rula pekee anaweza kutoa majina mawili kwa jabali moja. Ukubwa wa jani naukubali kama habari ya nyongeza tu. Vinyweleo ndivyo ninavyoviamini.

Hapa ndipo penye utajiri, nami sitapaharakisha. Chukua lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10. Chagua jani la katikati ya mche, lililokwisha kufunguka lakini bado halijazeeka, maana majani ya nje kabisa huwa yamepoteza vinyweleo vingi. Hakikisha ni kavu. Jani likiwa na maji, vinyweleo hulala na kushikana, na vile vilivyosimama wima vitaonekana kama vimelazwa. Kama mvua imenyesha, kaa kitako usubiri. Kisha jiulize: vina urefu wa aina moja, au kuna vifupi vingi vilivyochanganyika na virefu vichache? Vimesimama au vimelala? Kama vimelala, ncha zake zinaelekea wapi? Geuza jani utazame chini yake. Je, ni la kijani kilichopauka, au lina wekundu wa zambarau? Zamani wataalamu waliziita spishi tofauti kwa kutegemea majibu ya maswali hayo, na ingawa majina mengi yameunganishwa, maswali bado yana kazi.

Baada ya vinyweleo, tazama umbo la mche mzima. Kuna wanaokaa kama duara moja la majani yaliyopangika, shina likiwa fupi mno hata halionekani. Kuna wanaotambaa: shina hurefuka, hujilaza juu ya mwamba, hutoa mizizi njiani, na majani yenye vikonyo virefu husimama huku na huko. Katika Usambara Mashariki anayetambaa namna hiyo kwa kawaida ni yule ambaye wataalamu humwita grotei. Mwingine, velutinus, wa Usambara Magharibi, hukaa kwa duara na jani lake ni kama mahameli juu, wekundu chini. Orbicularis, naye wa Usambara Magharibi, ana majani ya mviringo na maua yaliyopauka yenye kiini cheusi zaidi.

Majina haya yana historia inayomsaidia mtu aliye porini. Sampuli za mwanzo zilizofika bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, zilitumwa na John Kirk mwaka 1884 na mmisionari W. E. Taylor mwaka 1887. Taylor huyo ndiye yule ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamkumbuka kwa kukusanya methali zetu na tungo za Muyaka. Lakini sampuli zile hazikutosha kuupa mmea jina. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1892, pale afisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Tanga, alipopeleka kwa baba yake Ujerumani mmea ambao ungeweza kuoteshwa. Baba akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen huko Hannover. Mwaka 1893 Wendland akautangaza kwa jina Saintpaulia ionantha. Kila ninapotaka kuridhika na picha moja ya haraka nakumbuka zile sampuli mbili za mwanzo. Mmea ulikuwa umeonekana, umechumwa, umesafirishwa baharini, na bado haukuweza kutajwa kwa sababu kilichochumwa hakikubeba habari za kutosha.

Kutoka kwenye mmea ule na wenzake wachache vikazaliwa vyungu vyote vya madirishani duniani, vyenye maua ya waridi, meupe, mekundu, yenye petali nyingi zilizojikunja. Porini hakuna hayo. Porini kuna urujuani wa viwango mbalimbali, kutoka ule uliokolea hadi ule unaokaribia weupe. Ukikuta ua la waridi karibu na nyumba za zamani, anza kwa kudhani limetoka bustanini.

Katika karne ya 20 spishi ziliongezeka. B. L. Burtt, mtaalamu wa familia ya mimea ambamo mmea huu umo, alieleza nyingi kati yake, na nyingine zilipewa majina ya mahali zilipopatikana: Amani, Magunga, Tongwe, Shume. Hesabu ilifika spishi 20 hivi. Mwaka 2006 mtaalamu wa mimea Iain Darbyshire alipoipitia upya jenasi yote, yaani kundi zima la spishi hizo ndugu, alibakiza 6, na sehemu kubwa ya mimea ya Usambara na pwani akaiweka chini ya ionantha kama nususpishi, yaani matawi ya spishi moja. Sababu yake naiona kila nikitembea kutoka bonde moja hadi jingine: wa bonde hili ana vinyweleo virefu, wa bonde lile vifupi, na katikati wapo wenye vyote viwili. Tena huzaliana wenyewe kwa wenyewe bila shida. Baadaye kazi ya vinasaba ikaonyesha kwamba Saintpaulia yote imo ndani ya jenasi kubwa zaidi, Streptocarpus, na tangu mwaka 2015 wataalamu wengi wanaiandika kama kundi ndani ya jenasi hiyo. Kwa hiyo jina kamili la mmea wetu leo ni Streptocarpus ionanthus.

Wapo walioumia kwa mabadiliko hayo, hasa waliokuwa wamefundisha jina la zamani kwa miaka mingi. Mimi nimeyapokea kwa moyo mweupe, maana yaliniambia niangalie ndugu ambao sikuwa nikiwatilia maanani. Juu ya miamba ileile ya Usambara utawakuta Streptocarpus wenye mashina. Streptocarpus saxorum, kwa mfano, ana majani manene yenye vinyweleo, yaliyokaa mawili mawili yakikabiliana kwenye shina, wakati mwingine matatu matatu. Ua lake lina mrija mrefu mwembamba na mdomo mpana wa urujuani uliopauka. S. caulescens husimama wima na kutoa maua madogo mengi kwenye vishikizo virefu. Wageni huwaona hawa kama mimea mingine kabisa. Lakini hesabu ya kromosomu inawaweka jirani: wao na ua la Usambara wana 30, wakati Streptocarpus wengine wengi, wakiwemo wale wa kusini mwa Afrika wanaoishi maisha yao yote kwa jani moja kubwa tu, wana 32. Shina refu na duara la majani vinaonekana mbalimbali machoni, na bado hao ni watu wa nyumba moja.

Kuwatenganisha porini, tazama tunda. Tunda la Streptocarpus wa kawaida ni refu, jembamba, na limejisokota kuanzia mwanzo hadi mwisho. Likikauka msokoto hufunguka na kuachia mbegu ndogo kama vumbi. Tunda la ua la Usambara halijisokoti. Kuna lililo fupi na nene, kuna lililorefuka kama kijiti, lakini kuta zake zimenyooka. Huchukua miezi kadhaa kukomaa, kwa hiyo mara nyingi utalikuta hata pale ambapo ua limekwisha kuanguka zamani. Tunda kavu la msimu uliopita, lililobaki limening'inia kwenye mwamba, limewahi kunipa uhakika ambao picha nyingi za maua hazikunipa.

Watu huuliza pia kuhusu Viola, ile iitwayo violet kwa Kiingereza, kwa sababu ya lile jina la Kiingereza linaloufanya mmea huu uonekane ndugu yake. Si ndugu. Katika maeneo ya juu yenye baridi ya Afrika Mashariki ipo Viola ya kweli, Viola abyssinica, mmea mdogo unaotambaa kwenye njia za msitu. Ua lake lina kijifuko kinachochomoza nyuma, na ndani yake kuna stameni 5, yaani viungo vya kiume vinavyotoa chavua. Ua la Usambara halina kijifuko, na stameni zinazofanya kazi ni 2 tu, manjano iliyoiva, zimejitokeza katikati ya petali 5 zilizotandazika: mbili ndogo juu, tatu kubwa chini. Begonia za mwituni nazo huota kwenye miamba ya namna hiyohiyo, na zikiwa hazina maua huwasumbua wanaoanza. Tazama mstari wa katikati ya jani. Kwa begonia nusu moja ya jani ni kubwa kuliko nyenzake. Kwa ua la Usambara nusu mbili zinalingana.

Sasa, ukilipata ua, litazame kwa subira. Ule uzi unaobeba ncha ya kupokelea chavua haukai katikati. Umeinama kushoto au kulia, na katika mche mmoja utayakuta maua ya kushoto na ya kulia. Nekta hakuna. Chakula kilichopo ni chavua, nayo imefungiwa ndani ya vifuko vya manjano vya zile stameni. Katika milima ya Taita nyuki wa jenasi Amegilla wameonekana wakiyahudumia: nyuki hushika vifuko, hutetemesha misuli ya mabawa kwa nguvu, na chavua humwagika. Ukiwa karibu na kimya unaisikia sauti yake ikipanda ghafla, kali kuliko ile ya kuruka. Nyuki akigusa ua lenye uzi wa kushoto kisha lile la kulia, chavua huhama vizuri kutoka mmoja hadi mwingine. Naamini mtu akishaona jambo hilo kwa macho yake hawezi tena kuuita mmea huu pambo.

Nilikwenda Taita kwa ajili ya ndugu mmoja tu, Streptocarpus teitensis, ambaye Burtt alimweleza mwaka 1958. Anapatikana msitu wa Mbololo, juu ya Voi, na si kwingine. Msitu wenyewe ni hekta 200 hivi za miti ya asili, umezungukwa na mashamba, na ukungu huupanda asubuhi kutoka nyika ya Tsavo. Dada aliyeniongoza ni mwenyeji wa kijiji cha chini ya msitu. Alitembea mbele yangu akitaja kila mti kwa Kitaita, na tulipofika kwenye miamba hakuonyesha kidole. Alisimama tu kando akaniacha nitafute. Nilifuata mpangilio uleule. Kivuli, unyevu, mwamba. Kisha jani: gumu kidogo mkononi kuliko la Usambara, limeinuka badala ya kulala. Hakukuwa na ua hata moja, na sikulihitaji. Akaniuliza, "Umemjua, kaka?" Nikamwambia nimemjua. Akacheka kwa furaha, akasema wengi hurudi wakilalamika kwamba hawajaona kitu.

Shume na Uluguru sitavieleza kwa urefu huo. Wa Shume, shumensis, ana majani madogo ya mviringo yenye vinyweleo virefu vilivyosimama, na ua lililopauka lenye doa la urujuani kooni. Wa Uluguru, goetzeanus na pusillus, wanakwenda juu zaidi mlimani na maua yao ni madogo; huko lenzi inahitajika hata kwa mwenye macho makali.

Upande wa pili wapo wa mabondeni, nao wananitia wasiwasi kuliko wote. Tangu siku za Saint Paul-Illaire ilijulikana kwamba mmea huu unaota pia karibu na Tanga, kwenye miamba ya chokaa isiyo juu sana kutoka usawa wa bahari. Pwani ya Kenya, upande wa Kaloleni, kuna nususpishi iitwayo rupicola. Hata Kisiwa cha Mafia kina nususpishi yake. Milimani, Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani imekuwapo tangu mwaka 1997. Mabondeni, mengi ya majabali haya yamebaki na kipande kidogo cha miti juu yake, na miti hiyo ikikatwa kwa mkaa au shamba, mwamba hubaki juani na mmea hukauka hata kama hakuna aliyeugusa. Hata milimani uharibifu unaweza kufanyika kimyakimya: iliki ikipandwa chini ya miti mikubwa, kwa mbali msitu unaonekana mzima, lakini chini umekwisha kufyekwa.

Kwa sababu hiyo kila jabali ninalolitambua nalitengenezea kadi. Naandika mwinuko, aina ya mwamba, upande linakoelekea, miti inayofunika. Napiga picha ya mche mzima, ya jani juu na chini kupitia lenzi, ya tunda, na ya mazingira, kila mara rula ikiwa kando. Sichumi. Mwenye kibali cha utafiti atachuma kwa utaratibu, na sampuli yake itakwenda hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, kama zile zilizoanza kutunzwa Amani mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Mahali halisi nawapa wahifadhi na wanakijiji wanaolinda, siwapi wengine, na picha ninazowaonyesha watu nazitoa kwanza habari za mahali zilizofichwa ndani yake. Wapo wanaokusanya mimea ya porini kwa kuuza, na jabali lenye miche michache linaweza kumalizwa na mtu mmoja mwenye mfuko.

Kadi iliyo juu ya meza yangu sasa ni ya jabali la chokaa chini ya Usambara Mashariki. Jani lina vinyweleo vya urefu wa aina mbili, vyote vimesimama. Chini ni kijani kilichopauka. Mche umekaa kwa duara, hautambai. Maua niliyakuta, ya urujuani wa wastani, na hayakuongeza lolote kwenye yale niliyokwisha kuyaona. Matunda ndiyo kwanza yanatokeza. Penye jina nimeandika Streptocarpus ionanthus na kuiacha nafasi ya nususpishi wazi hadi yatakapokomaa.